Apendi na Mpira wa Njuga

Apendi wa Kisoko, huko Tororo, Uganda, alipopofuka, majirani walimlilia kama msiba. Nia yao ilikuwa njema, lakini mwanamke aliyelima shamba lake na kuzunguka soko hadi soko akiuza karanga sasa akawa mtu wa kuwekewa kiti mlangoni na kupewa sahani mkononi. Hata kwenye kituo cha afya, muuguzi alimwuliza mumewe, Oketcho, "Huyu anaumwa wapi?"

"Niulize mimi, sista," Apendi akasema. "Kisha uniambie, wapi wanafundisha wasioona kujitegemea?"

Muuguzi hakujua. Kanisani nako hawakujua; walimpa sabuni na sukari, wakamwombea. Apendi alishukuru, akaendelea kuuliza. Aliuliza wenye bodaboda, akauliza kila mgeni aliyepita, mpaka siku moja jirani yake Amongin akarudi kutoka Busia akihema.

"Apendi, nimewaona! Wasioona, kwenye ukumbi karibu na mpaka, kila Jumamosi. Wanacheza mpira!"

Oketcho alikataa katakata. "Busia ile ya malori? Watakukanyaga."

"Basi wanikanyage nikiwa safarini. Mimi nakwenda."

Akaenda, Amongin akimwongoza. Alipokewa na Kevina, mchezaji wa kabila la Wasamia asiyeona tangu utotoni. Kevina hakumpa mpira kwanza. Alimpa fimbo nyeupe. Wiki baada ya wiki walitembea kando ya barabara, wakijifunza kutofautisha lori linalonguruma limesimama na lile linalokuja. Mwanzoni Apendi alitembea nyuma ya Kevina. Baadaye akawa anatangulia.

Ndipo akaukamata mpira. Ulikuwa mzito, una njuga tumboni. Huchezwa na watatu kila upande, wote wamefungwa macho, hata wale wanaoona kidogo. Mmoja hubingirisha mpira kwa nguvu. Wanaolinda goli husikiliza, kisha hujitupa chini kuuzuia kwa miili yao. Mistari ni kamba zilizobandikwa sakafuni ili nyayo zizitambue. Watazamaji hawaruhusiwi hata kunong'ona.

Siku ya kucheza na timu ya Busia ya upande wa Kenya, Oketcho alikuja. Ukumbi ulifurika. Mabao yalikuwa sare na muda unayoyoma Wakenya walipoachia kombora. Apendi alisikia njuga zikija kushoto, akajirusha. Mpira ukamgonga mbavu, akaukumbatia.

"Pumua kwanza," Kevina akamnong'oneza kutoka ubavuni.

Hakungoja. Aliinuka, akapapasa kamba kwa vidole vya miguu, akauachia kwa mkono uliozoea jembe. Njuga zikalia, zikaukata ukumbi mzima, zikawapita wote watatu, zikanyamaza wavuni.

Paa nusura ling'oke kwa kelele. Katikati yake Apendi aliitambua sauti moja iliyokuwa ikikauka: "Mke wangu huyo! Jamani, mke wangu!"

Justine, nahodha wa Wakenya, alimtafuta kwa mikono mpaka akamkumbatia. "Dada, umetuweza. Lakini mje kwetu, tulipize kisasi!"

Siku hizi, mtu wa Kisoko akijaliwa mtoto asiyesikia, au mzee wake akikatwa mguu, humwendea Apendi. Kwa kuwa hakuacha kuuliza, yeye ndiye ajuaye kliniki gani ina njia ya viti vya magurudumu, nani kule Tororo anafundisha lugha ya alama, kwaya ipi inapokea kila mtu. Yule muuguzi naye huwatuma watu kwake. Na asiyejua njia, Apendi humpeleka mwenyewe.