Majani ya Saa Kumi na Mbili

Mama mkubwa Imelda hana cheo chochote. Analima Bugendana, huko Gitega, Burundi, maharage na ndizi na mihogo kama jirani zake. Alisoma kambi ya wakimbizi Tanzania mpaka darasa la sita na mwandiko wake ni mzuri, ndiyo maana watu wa utafiti walimchukua awakusanyie majani ya mhogo. Sisi tuko Buhinyuza, upande wa Muyinga. Mama yangu, Melania, ni mdogo wake.

Tuliporudi kutoka kambini, bibi alibeba vijiti vya mhogo mmoja. Nusu ilipandwa kwetu, nusu kwa mama mkubwa. Kwetu unakomaa vizuri. Kwake unaoza mizizi, ukiukata ndani una michirizi ya kahawia, hata nguruwe anaukataa. Kila msimu aliwauliza watafiti: mhogo ni ule ule, mbona kwangu unaoza? Mwisho Nadia, fundi wa maabara yao pale Gitega, akamwambia hata wao jibu hilo wanalitafuta.

Nadia alimweleza kwamba vijiti vya shina moja vina herufi zile zile za jeni. Lakini mmea hausomi kitabu chote. Unanakili kipande unachohitaji, na mahali pa kuanzia kunakili panaweza kuhama. Mama mkubwa akasema basi ni kama kanisani, kitabu ni kimoja, ila mwimbishaji akianzia ubeti wa pili watu wote wanaimba maneno mengine. Nadia alicheka, akasema ni karibu hivyo. Wao wanakamata vichwa vya nakala hizo, yaani pale zinapoanzia, mashine inasoma herufi za kichwani, na hapo wanajua kila mmea ulianzia wapi na mara ngapi.

Masharti yalikuwa makali. Jani la tatu kutoka juu. Ukilikata, liingie kwenye kichupa na kichupa kwenye mtungi wa naitrojeni, maji ya baridi kali kuliko barafu, kabla hujahesabu thelathini. Yote yakatwe kabla ya saa tatu asubuhi, maana jua likipanda mmea unageuza usomaji wake. Mimea sita kila mlima, yaani kila kijiji, na mizuri ikiwa chini ya mitano, mlima unaachwa. Bugendana walikuwa wamemaliza. Kwetu kukiachwa, hakuna cha kulinganisha, na swali lake linaishia hapo.

Siku ya kukata kwetu, mama mkubwa alikuja kwa gari la Mustafa, dereva wa Muyinga mjini. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na walifika saa mbili na dakika ishirini. Mustafa alibeba mtungi kwa ncha za vidole.

"We Mama Imelda, mtungi hii ni ya daktari wa mifugo, humu mi najua iko mbegu ya ng'ombe," alisema. "Ikimwagika kwa gari yangu, nitazaa ndama."

Mama mkubwa hakucheka. Alikuwa anaangalia saa. Alikata majani ya mimea minne ya karibu na nyumba, mmoja baada ya mwingine, midomo ikihesabu. Kila kichupa kilipoingia, mtungi ulichemka na kutoa moshi. Akauliza ile miwili ya bondeni. Baba yangu, Longino, akamletea vichupa viwili alivyokuwa amevichukua gari lilipofika, vimejaa tayari. Alisema amekata sasa tu, asihangaike kushuka. Mama mkubwa alimtazama kidogo, kisha akavitumbukiza.

Mimi nilikuwa nimemwona baba alfajiri akitoka bondeni.

Mama akaleta uji. Aliketi kwenye kigoda, akafurahi kumwona dada yake, maneno yakamtoka. Akasema shemeji yako anakuheshimu kweli, ameamka saa kumi na mbili akakukatia majani, akayaosha, akayafunga kwenye jani la mgomba na kuyalaza ndani ya chungu yapoe.

Mama mkubwa aliweka kikombe chini.

"Shemeji, ulikata saa ngapi?"

Baba akasema taratibu kwamba mgeni haingizwi kwenye umande. Dada wa mke wake atoke Gitega, alowe mpaka magotini mbele ya majirani, watu watasema nini juu ya nyumba yake?

"Itabidi niyatoe," mama mkubwa alisema.

"Uji wangu umekunywa, majani yangu unayatupa?"

Kwetu, kitu alichokupa shemeji hukitupi mbele yake. Unakipokea kwa mikono miwili, kama hukitaki utakiacha njiani huko. Na mama mkubwa angeweza kukaa kimya. Vichupa vilikuwa ndani, namba tano na namba sita, na mtu wa maabara asingeona tofauti kwa macho. Alichomeka kijiti cha kupimia ndani ya mtungi, akakitoa. Sehemu iliyoganda, ndiyo kina cha naitrojeni iliyobaki, ilikuwa vidole vinne. Kufungua tena na kuingiza majani yasiyoganda kungekunywa kidole kizima, na Gitega ni mbali.

Saa mbili na dakika arobaini na tano.

"Longino," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina kabla ya hapo. "Jani likikatwa halifi hapo hapo. Linashtuka, linaanza kunakili mambo mengine. Na nakala za zamani zinavunjika, zinapoteza vichwa. Mashine itaona pale palipovunjika, itasema mmea wa Buhinyuza unaanzia pale. Itakuwa uongo. Na kwenye karatasi, jina la shamba ni lako."

Mama alikuwa ameshika mdomo. Halafu baba akainama, akakunja suruali yake mpaka magotini.

"Nifuate nyuma," alisema. "Mimi nitapangusa umande."

Mama mkubwa alivikung'uta vile vichupa viwili uani. Majani yalianguka yakilia kama vigae. Kuku alidonoa kipande, akakiacha. Wakashuka bondeni, baba mbele akipiga majani kwa fimbo, Mustafa nyuma na mtungi, hana utani tena. Walikata namba tano saa tatu kasoro dakika sita, namba sita saa tatu kasoro tatu. Wakaondoka bila kumaliza uji.

Ya njiani mama mkubwa alitusimulia mwenyewe baadaye. Muyinga mjini hapakuwa na mafuta ya gari, na Mustafa alitembea kwa jamaa zake mpaka akapata kidumu. Mama mkubwa alipopima pale, kijiti kilionyesha vidole viwili. Akauvua mtandio wake, akaufunika mtungi, akakataza mtu kuugusa. Walipita milima ile polepole kwa sababu ya matope. Alipima tena wakikaribia Gitega. Ukucha tu. Alipokabidhi mtungi, kijiti kilitoka kikavu, lakini mdomoni ulikuwa bado unatoa moshi. Alimweleza Nadia kila kitu, hata chungu na jani la mgomba. Nadia aliandika yote, akasema kabla ya kutuma nje ya nchi kwenye mashine lazima wapime kama nakala ni nzima. Siku nne.

Siku hizo simu yake, ambayo siku zote inalala imezima, baba aliipeleka kuchajiwa kwa jirani kila asubuhi, na kwenye palizi alikwenda nayo mfukoni mwa shati.

Siku ya nne ikalia tukiwa shambani. Mama alipokea, akaweka sauti ya nje. Mama mkubwa alisema vichupa vitano nakala zake ni nzima, kimoja zimevunjika. Mlima wa Buhinyuza umebaki. Majibu ya mashine yatachukua miezi, lakini umebaki.

Baba aliacha jembe.

"Kimevunjika namba ngapi?" alimwuliza mama.

Mama akauliza. Ilikuwa namba mbili, mmoja wa ile ya karibu na nyumba, aliyoikata mama mkubwa mwenyewe.

"Mwambie pole," baba alisema. "Na mwambie namba mbili si yangu."

Tulimsikia mama mkubwa akicheka huko Gitega mpaka salio likaisha.