Mama wa Malukhu Aliyekataa Kufarijiwa

Mwaka 1993 niliitwa Malukhu, pale Mbale, kwenda kumfariji mama aliyefiwa na mtoto.

Nikafika mchana. Mikeka imetandikwa uani, watu wamekaa, chai inagawiwa, wanawake wanaimba taratibu. Matanga kamili.

Ila kaburi sikuliona. Nikamwinamia mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, nikamnong'oneza, "Mzee, marehemu mmemzika lini?"

"Sisi hatukuzika," akasema. "Mtoto mwenyewe alikufa miaka saba iliyopita."

Nikasema moyoni, leo nimeletwa kwa wendawazimu.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo. Nikiwapa mwisho sasa hivi mtanihukumu bure. Au mtanihukumu kwa haki, shauri yenu.

Naitwa Yekosofati Mafabi. Miaka ile nilikuwa askari jela Jinja. Nilipanga nyumba Mafubira, nje kidogo ya Jinja, na mke wangu Khainza na mtoto wetu wa pekee, Apollo, miaka sita.

Januari 1986 serikali ikaanguka Kampala. Wanajeshi walioshindwa wakawa wanakimbilia huku mashariki kwa malori, wanapora njia nzima. Maduka yakafungwa. Watu wakajifungia ndani.

Siku hizo hizo Apollo akashikwa na malaria. Ile inayopanda kichwani.

Mimi nilikuwa zamu langoni. Afande wetu alikuwa ameshasema, "Atakayeacha lango leo, atanitambua." Na alikuwa hatanii.

Saa nne asubuhi akaja Nangobi, jirani yetu, anahema. "Baba Apollo, mtoto anazidiwa. Mama yake anasema uje mmpeleke hospitali, peke yake anaogopa barabara."

Nikatazama lango. Nikatazama bunduki yangu. Nikamwambia, "Mwambie asubiri nimalize zamu."

Zamu iliisha saa kumi na mbili jioni.

Khainza alisubiri, akachoka kusubiri, akambeba. Apollo alikufa mgongoni kwa mama yake, njiani, hata hospitali hawajaiona.

Nilipofika nyumbani aliniuliza neno moja tu. "Nangobi hakukufikia?"

Nikadhani Nangobi hakurudi kumpa jibu langu. Nikasema, "Sikumwona."

Ndiyo. Nilidanganya. Mtoto hajapoa vizuri, mimi nadanganya. Kesho yake nikamvizia Nangobi kisimani nikamwomba anifichie. Akasema, "Kale, Baba Apollo," yaani haya. Nikajua yameisha.

Njia ya kwetu mlimani, upande wa Mbale, ilikuwa imefungwa, tukamzika pale pale Mafubira, kwenye ardhi ya watu. Na kaburini sikutoa chozi.

Hapa lazima niwaeleze wasiotujua. Sisi Bagisu, kijana akienda jando anasimama wima mbele ya kijiji kizima, kisu kinapita, kope haichezi. Akitetemeka tu, ukoo mzima umeaibika. Mimi nilisimama vizuri, watu wakanisifu mwaka mzima. Halafu nikaokoka, na kusimama kule nikaingia nako kanisani. Nikadhani ndiyo imani yenyewe.

Basi kanisani wakashangaa. "Tazameni imani ya ndugu Yekosofati! Mtoto wa pekee, na bado anasimama!" Wakanipandisha mbele nishuhudie. Nikasema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Haleluya zikapigwa mpaka mabati yakalia.

Nikanogewa, jamani. Kila msiba, Yekosofati aitwe. Iganga, Kamuli, kote nilikwenda. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa kabisa, dakika ishirini, na mwishoni watu wanasema amina.

Nyumbani sasa. Khainza alikuwa analia. Anapika analia, anafua analia. Nami namwambia, "Dada katika Bwana, machozi hayo ni kumnung'unikia Mungu. Jikaze."

Siku moja akaniuliza, "Wewe huumii?"

Nikamjibu, "Mkristo haumii kama mataifa."

Bambi, maskini mimi! Mtu na akili zake anajibu hivyo!

Mwaka haukuisha akafunga mzigo akarudi kwao Busiu. Hakunitukana, hakubamiza mlango. Alinipikia, akaniachia chakula mezani kimefunikwa, akaondoka.

Miaka sita nilikaa peke yangu. Nikitoka kazini nafungua mlango, hakuna wa kusema "pole na kazi." Nilikula nimesimama, maana kukaa mezani peke yangu kulinishinda. Jumapili nawafariji watu mia mbili, jioni nageukia ukuta.

Nilitaka kitu kimoja tu duniani, Khainza arudi. Ila akirudi tutaongea, na tukiongea itabidi niseme kuhusu lango. Kwa hiyo sikumfuata. Woga ulinizidi.

Ndipo ikaja barua kutoka kanisa la Mbale. "Kuna mama hapa Malukhu kakataa kufarijiwa. Tumeshindwa. Amesema atamsikiliza yule mtumishi wa Jinja tu." Jina la mama hawakuandika, nami sikuuliza. Kusema kweli, kichwa kilinivimba kidogo.

Nikapanda basi, suti nimepiga pasi. Tulipopita Busiu niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, nisije nikaona mtu wa ukweni.

Sasa turudi pale uani.

Mzee wa mlangoni kanijibu vile, wanawake wakaacha kuimba. Akatoka mama mmoja ndani, akaja akakaa kwenye mkeka wa mbele. Nyuma yake kaka mtu, Wanzala. Shemeji yangu.

Alikuwa Khainza.

Nywele zimeanza mvi. Kumbe alikuwa amehamia kwa kaka yake pale mjini, nami sina habari.

"Karibu, Baba Apollo," akasema. Hajapaza sauti. "Nimesikia unafariji vizuri sana. Umewafariji watu wote mpaka Kamuli. Mimi bado zamu yangu."

Nikauliza, "Khainza, haya ni nini?"

"Ni matanga ya mwanangu. Tulipomzika kulikuwa na vita, hawa ndugu zangu hawakuweza kuja. Na ulinikataza kulia. Leo nimeita watu. Haya, mtumishi, tuambie. Ila hawa hawakumjua, kwanza waambie Apollo alikuwa mtoto gani."

Nikafungua Biblia yangu. Nikakohoa. Nikaanza, "Bwana ametoa..."

"Hapana," akasema. "Hilo tunalijua. Apollo alikuwa mtoto gani?"

Wallahi, na mimi si Mwislamu, miaka saba nimeshuhudia kifo chake kwa vipaza sauti, na hata jina lake sikuwahi kulitaja. Nilikuwa nasema "mtoto wangu wa pekee," basi.

Nikajaribu. "Alikuwa... alikuwa anaogopa kuku."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Khainza akatikisa kichwa, ndiyo, endelea.

"Alikuwa anaogopa kuku lakini hamwogopi mbwa. Alikuwa akivaa kofia yangu ya kazi inamfunika mpaka puani, anapiga saluti, anasema 'Afande, wafungwa wote wamekula.' Viazi alikuwa anakula na maganda. Alikuwa..."

Nikaiweka Biblia chini kwenye mkeka.

Nikaona sasa ama nife na lile neno la lango ama nilitoe. Nikasema, "Nangobi alinifikia."

Nikamgeukia Khainza.

"Alinifikia saa nne asubuhi. Nilimwambia usubiri zamu iishe. Nilimwogopa afande, Khainza. Nilimwogopa mtu, mwanangu akafa. Nikakudanganya."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

Khainza akanitazama tu. Akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Nangobi aliniambia siku ile ile, kabla wewe hujarudi. Nilikuuliza nikiwa najua."

Miaka saba! Mimi nabeba gunia hilo peke yangu, nadhani nimelificha, na mwenzangu alishaliona siku ya kwanza.

"Sasa mbona ulikaa na mimi karibu mwaka mzima?" nikamuuliza.

"Nilikusamehe wiki ya pili. Uliogopa, na mimi niliogopa, hata afande wako nadhani aliogopa. Lakini Baba Apollo, dunia nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyempoteza mtoto niliyempoteza mimi, na mtu huyo alikuwa jukwaani anapigiwa haleluya. Nilikuwa nalia peke yangu nyumba moja na wewe."

Hapo nikaanguka. Nawaambia nilianguka chini na suti yangu, nikalia kwa sauti, kamasi zinatoka, mwanaume mzima wa Bagisu mbele ya wakwe. Nililia kama ng'ombe.

Wazee wakaanza kutazama pembeni kwa aibu. Wanzala akanishika bega haraka. "Shemeji, jikaze. Wewe ni mwanaume, tena mtumishi wa Mungu. Watu wanakuona."

Khainza akautoa mkono wa kaka yake begani mwangu.

"Mwacheni," akasema. "Nimemngoja miaka saba."

Akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi.

Tuliishi pamoja tena miaka ishirini na sita, hapa hapa Malukhu. Mtoto mwingine Mungu hakutupa. Mwaka juzi nimemzika Khainza mwenyewe, na sasa nyumba imerudia kimya kile cha Mafubira. Nawaandikia nikiwa peke yangu.

Msiniombe niwaeleze kwa nini Mungu aliacha Apollo afe. Biblia nimeimaliza mara nne na bado sijui. Ninachokijua ni kwamba Yesu alifika msibani kwa akina Martha akijua kabisa Lazaro atatoka kaburini muda si mrefu, na bado alilia na wenye msiba. Mariamu, dada wa marehemu, hakuambiwa ajikaze.

Kwa hiyo ninyi mnaokimbilia kwenye misiba na mistari mfukoni kama nilivyokuwa mimi, nawasihi. Kaeni kwanza kwenye mkeka. Na kama kosa ni lako, liseme ungali na mtu wa kumwambia. Mimi nilibahatika, wangu alikuwa bado ananingoja.