Kiswahili cha Adui wa Kwenye Sinema

Nilifika Riyadh nikiamini kwamba naijua sinema ya Marekani. Kwetu, magharibi mwa Kenya, palikuwa na banda la mabati karibu na soko, na humo tulitazama picha za Kimarekani zikisimuliwa na jamaa mmoja mwenye maikrofoni. Jamaa yule hakutafsiri, alitunga. Askari wa Marekani alipewa jina la mkulima wa miwa wa pale jirani, akaingia msituni kutafuta ng'ombe wake walioibwa, nasi tukakaa roho juu mpaka awapate. Sheria tulizijua. Stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Adui hucheka kwanza ndipo apige risasi. Gari likigonga ukuta, lazima lilipuke.

Kwa hiyo kampuni iliponipangia kazi ya ulinzi kwenye jumba la sinema, ndani ya jengo kubwa la maduka, nilijiona mtu mwenye bahati. Wenzangu wa chumbani huko Al-Murabba walikuwa madereva na vibarua, wanaopikwa na jua kutwa. Mimi nilivaa sweta chini ya sare kwa sababu ya baridi ya viyoyozi, nikashinda nikinusa bisi za sukari na udi wa wateja.

Ila picha zenyewe sikuzielewa. Kwanza, nilikuwa nikiziona vipande vipande. Nafungua mlango kumwonyesha mtu njia, naona jengo linaanguka. Narudi baadaye, naona mwanamke analia kando ya gari. Nafungua milango mwishoni, watu wanapiga makofi. Pili, hakukuwa na msimulizi. Wale watu waliongea Kiingereza chao cha haraka, maandishi ya Kiarabu yakipita chini, na hakuna aliyeniambia ng'ombe ni wa nani. Siku moja niliona picha ninayoifahamu tangu banda la mabati. Nikasimama nyuma kidogo nisikilize. Haikuwa na wizi wala msako. Ilikuwa habari ya mtu aliyeachana na mkewe. Nilitoka pale nikiwa kama niliyeambiwa kwamba babu yangu si babu yangu.

Mudiri wetu, yaani meneja wa lile jumba, alikuwa kijana wa Kisaudi anayependa sinema kuliko chakula. Alinieleza kwamba utotoni mwake, kabla majumba hayajafunguliwa nchini kwao, baba yake aliwavusha daraja hadi Bahrain ili waone picha moja, kisha wakarudi siku hiyo hiyo. Nikitaka kuelewa jambo, nilimuuliza yeye. Tuliongea Kiingereza changu na Kiarabu chake vikichanganyika.

"Mbona ni zile zile?" nilimuuliza siku moja, nikimwonyesha mabango ukutani. Mashujaa wenye mabawa na mavazi ya kubana, magari yanayoruka, nyumba yenye pepo, wanyama wa katuni wanaoimba. "Hii ni ya nne. Ile ni ya saba. Watu hawachoki?"

"Wewe ulikula wali jana?"

"Nilikula."

"Na leo?"

"Nitakula."

"Basi, halas," akasema. "Mtu akilipa anataka kujua anacholipia. Wa pepo anataka kupiga kelele. Wa magari anataka mlipuko. Ukimpa kitu asichokijua, hata kama ni kizuri, haji. Wamarekani walilijua hilo zamani, ndiyo maana wanauza dunia nzima."

Nilikubali kwa kichwa, lakini moyoni sikuwa na hakika. Wali haukusimulii habari za mtu.

Halafu ikaja ile picha ya kito. Sitaitaja kwa jina. Ilikuwa ya Mmarekani mmoja mwenye kofia anayekwenda Afrika, sehemu isiyosemwa ni nchi gani, kutafuta jiwe la thamani lililofichwa pangoni. Njiani anakamatwa na chifu mwenye uso uliopakwa chokaa, anatoroka kwa ndege ndogo, anashinda. Ilijaza kumbi zetu. Watu walikuja familia nzima, akina mama, watoto, vijana wa kanzu nyeupe, na wengine wakarudi juma lililofuata na marafiki.

Adhuhuri moja nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa nje ya ukumbi. Kelele za ndani zilikuwa hazinishtui tena, iwe bunduki au radi. Ghafla nikasikia sauti ya mwanamume ikifoka kwa Kiswahili:

"Nani amechukua viatu vyangu? Nimesema msiguse viatu vyangu!"

Msomaji lazima aelewe jinsi tulivyoishi Al-Murabba. Viatu vinaachwa mlangoni, milango ni mingi, na kila asubuhi lazima mtu aondoke na jozi ya mwenzake. Maneno yale niliyasikia karibu kila siku nikiamka. Nikajua papo hapo kwamba mmoja wetu ameingia sinema, amevua viatu kama yuko kwake, na sasa anatuaibisha mbele za watu. Nikawasha tochi, nikaingia mbio.

Hakuna aliyekuwa akigombana. Watu wametulia, nyuso zote mbele. Nikapitisha tochi safu kwa safu nikimtafuta Mkenya. Ndipo sauti ile ikarudi, kubwa kuliko ukumbi, nikageuka. Ni chifu. Amenyanyua panga, macho yamemtoka, Mmarekani amefungwa kwenye nguzo mbele yake, na yeye anauliza viatu vyake viko wapi.

Nilicheka. Sikupanga, na sikuweza kuzuia. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, nikishika kiti cha mtu, huku mtoto wa safu ya mbele akiwa ameficha uso kwa hofu kwenye abaya ya mama yake. Mzee mmoja akaniambia ninyamaze. Mwingine akatoka kwenda kulalamika.

Mudiri aliniita ofisini. Nikamweleza. Hakuniamini. Akasema maandishi ya Kiarabu yanasomeka: "Mgeni huyu hataliona jua la kesho." Nikamwapia. Basi picha ilipoanza upya alikuja mwenyewe, tukasimama wawili nyuma kwenye giza mpaka chifu akafika.

"Hapo," nikamnong'oneza. "Viatu. Anasema viatu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alitazama mpaka mwisho wa sehemu ile, kisha tukatoka.

"Mtafsiri alipewa Kiingereza tu," akasema taratibu. "Hakuna aliyemuuliza yule mtu amesema nini."

"Labda walimwambia mwigizaji aseme lolote kwa lugha yake, mradi liwe kali," nikasema. "Na siku hiyo alikuwa ameibiwa viatu."

Akaniangalia. "Ungekuwa wewe, ungesema nini? Kitu cha kutisha, kwa lugha yako."

Nilijaribu moyoni "nitakuua", likaonekana la kitoto. Nikamkumbuka mama akiwa amekasirika kweli kweli, yeye alikuwa hapandishi sauti kamwe, alikuwa anauliza tu, "Umemaliza?" Nikamwambia mudiri hivyo. Akafikiri, akacheka kidogo, kisha akaniambia nirudi kazini na nisiingie tena na tochi isipokuwa kuna moto.

Chumbani nilisimulia mpaka koo likanikauka. Dereva mmoja wa kutoka Machakos alilala chini kwa kicheko. Tangu siku ile, mtu akikosa kiatu mlangoni, wengine waliitikia kwa sauti ya chifu. Nilijiona nimerudi bandani, nikiwa mimi mwenye maikrofoni.

Majuma machache baadaye kampuni ilinituma Jeddah kwa muda, jumba jipya lilikuwa likifunguliwa huko. Nilipewa kitanda Ghulail, mtaa uliojaa watu wa kwetu Afrika, ambako ukishuka ngazi unakutana na duka la nywele, duka la simu na mama wa Chad anayeuza karanga. Furaha yangu ilikuwa dada. Dada yangu mkubwa alifanya kazi katika nyumba moja Aziziya, akikaa humo humo na kulea watoto. Hatukuwa tumeonana tangu nyumbani. Madam wake, mwanamke mpole, alimruhusu aonane nami Ijumaa, tukakutana kwenye bustani karibu na nyumba ile.

Tulipomaliza kusalimiana na kuulizana habari za mama, nikaanza hadithi yangu. Nilipofika kwenye ile picha ya kito, dada akainua mkono.

"Usinitajie hiyo picha."

"Kwa nini, dada?"

"Nililia mle ndani mpaka madam akanishika bega. Akaniambia usilie, ni sinema tu, huyo mzungu hafi."

"Ulilia wapi? Pana nini pa kuliza?"

"Pale sokoni. Mzungu anapita anafukuzwa. Kuna mama hata haonekani vizuri, sauti tu nyuma. Anasema, 'Kula kwanza, mwanangu, ndiyo uende.'" Akarekebisha mtandio wake. "Mama aliniambia vile vile siku ninaondoka. Nikamwambia nimechelewa."

Sikuwahi kusikia maneno hayo. Nilikuwa nimefungua mlango wa ile picha mara nyingi mno na sikuwahi kuyasikia. Nikamwambia ya chifu, nikimwigiza, nikitarajia acheke. Alinitazama kama mtu asiyefuata lugha.

"Viatu?" akauliza.

Juma lililofuata watoto wa madam walidai kuiona tena. Picha ilikuwa bado inajaza. Madam alikuwa na shughuli, akamwomba dada awapeleke, na aliposikia kwamba kaka yake ni mlinzi wa sinema akasema niende pia. Basi kwa mara ya kwanza maishani nikakaa kwenye kiti chenye namba, kopo la bisi mapajani, nikaiona picha ya Kimarekani tangu taa zinapozimwa. Dada alikaa kati yangu na msichana mdogo wa nyumba ile. Mtoto yule dada alimlea tangu hajaanza kutembea, na Kiswahili kilikuwa kimemwingia bila mtu kumfundisha.

Soko likafika. Nikatega masikio. Nikasikia ngoma, kuku, pikipiki, vinanda vingi vya muziki wao. Dada akanigusa mkono.

"Umesikia?"

"Nimesikia muziki."

Akamwinamia mtoto. "Yule mama amesema nini?"

"Kula kwanza," mtoto akajibu bila kuondoa macho mbele. "Kama wewe."

Chifu akaja na chokaa yake. Nikajiandaa, midomo tayari inanicheza.

"Nani amechukua..."

Dada alisogea karibu na sikio langu. "Watu wangu," akasema. "Sikiliza. 'Nani amechukua watu wangu? Nimesema msiguse watu wangu.'"

Nilisikiliza. Aliposema mara ya kwanza nilisikia viatu. Mara ya pili nilisikia watu. Uso wa yule mwigizaji ulikuwa ule ule, lakini kicheko hakikuja, na machozi hayakuja pia. Panga lilikuwa juu, na kwa kitambo kile sikujua kama mbele yangu kuna mtu aliyeudhiwa na wezi wa viatu au mtu aliyepokonywa kijiji chake. Kisha ndege ndogo ikanguruma, Mmarekani akaruka, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mtoto naye akapiga.

Tulipotoka nilimuuliza dada kama ana hakika.

"Nina hakika na mama," akasema. "Yule chifu nilisikia hivyo. Na wewe ulisikia vyako."

"Lakini kuna alichosema."

"Basi kamuulize," akajibu, na kwenda kuwanawisha watoto mikono.

Niliporudi Riyadh nilimweleza mudiri kwamba huenda ni watu, si viatu. Alitaka kuirudia picha tusikilize pamoja, lakini ilikuwa imeshaondolewa, na mahali pake palikuwa na nyingine ya pepo. Akaniambia ile ya kito imepata faida kubwa sana duniani hivi kwamba sehemu ya pili tayari inatengenezwa. Chumbani nao waliendelea na mchezo wa chifu. Nilijaribu kuwaeleza, yule dereva wa Machakos akasema, "Watu? Hapana bwana, viatu ni vizuri zaidi," na wote wakamuunga mkono.

Hatimaye sehemu ya pili ilikuja, na foleni ndefu kuliko za ile ya kwanza. Mudiri aliniita nisimame naye nyuma, siku ya kwanza kabisa. Palikuwa na Waafrika wengi zaidi, kijiji kizima, wakiongea kwa kirefu. Sikuelewa neno. Nilimwita mwenzangu Mganda, hakuelewa. Mfagiaji wetu Mhabeshi alisikiliza mlangoni akatikisa kichwa. "Mafi maalum," akasema, hajui. Mudiri alitafuta kwenye simu yake, akaniambia kwa aibu kidogo kwamba safari hii lugha imebuniwa na mtaalamu, haizungumzwi popote.

Jioni dada akanipigia. Yeye na watoto walikuwa wameiona pia.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Nzuri. Hakuna sauti iliyonisumbua." Kisha akaongeza, "Lakini mtoto ananiuliza mbona leo wale watu hawakusema kitu."