Bega la Kushoto

Kila Jumamosi karani wa tiketi za treni huja kwenye darasa letu la uchoraji, hapa Firenze, na kipande cha mkate cha kufutia mkaa. Hupima kwa uzi wa timazi, hurudi nyuma, hufumba jicho moja, ndipo huchora. Na kidoleni pake hugongana pete mbili, yake na ya marehemu mumewe. Anayesimama kuchorwa awe kijana au ajuza, kwenye karatasi yake bega la kushoto huinama.

“Mama, chora unachokiona!” Mwalimu Bardazzi alimfokea leo. “Bega la huyu limenyooka kama rula. Hilo umelitoa wapi?”

“Nimeliona miaka mingi, Mwalimu,” akasema, akiizungusha pete ya mumewe.

“Lifute.”

Akamega mkate, akausogeza mpaka kwenye bega la mchoro. Kisha akautia mdomoni, akautafuna polepole.