Pete za Bluu Chini ya Bawa

Mume wangu hasikii vizuri sikio la kushoto, na hilo la kulia husikia linachotaka. Ndivyo walivyo wanaume waliozeekea kwenye uwanja wa ndege za kivita. Kazi yake ilikuwa kufunga silaha: mabomu, roketi, makombora, kuyaning'iniza chini ya mabawa na kuhakikisha yameshika. Mpaka leo akifunga kabati la vyombo, hulivuta kwanza. Akitundika pazia, hulivuta. Nimeshamwambia pazia langu haliendi vitani, lakini ni kama nasema na ukuta.

Alipostaafu alianza kuunda ndege ndogo za plastiki, zile zinazouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Meza yangu ya chakula ikageuka karakana ya gundi, msasa, wembe na vikopo vya rangi. Wenzake hufurahi ndege ikishafanana na picha ya kwenye boksi. Yeye hapana. Yeye hutaka kujua ndege hiyo, siku hiyo, ilibeba nini. Niliwahi kumwona akinuniana na rafiki yake wa siku nyingi kwa sababu ya kombora lenye urefu wa njiti ya kiberiti, nikaona aibu kwa niaba yao wote wawili.

Basi mama yangu akamwomba amuundie ndege ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa rubani kwenye kikosi kimoja na mume wangu. Aliruka asubuhi moja wakati wa vita, hakurudi, na hakukuwa na cha kuzika. Maofisa walikuja nyumbani wakasema alipambana hadi mwisho, ndege yake ikiwa na silaha kamili. Mama aliyashika maneno hayo, silaha kamili, akayafanya mto wa kulalia. Kila mgeni aliyefika aliambiwa.

"Mkwe wangu," mama alisema, "niundie ile ya siku ile, kila kitu kama kilivyokuwa. Wewe ndiye uliyemfungia vyombo vyake. Nani anajua kukushinda?"

"Nitajaribu, mama," mume wangu akajibu, macho sakafuni.

Mwili wa ndege aliumaliza haraka. Akapaka rangi ya majani makavu mgongoni, kijivu tumboni, akachora hata mikwaruzo ya ngazi. Kisha kazi ikasimama. Mabawa yakabaki matupu, vumbi likaanza kutua. Mama akipiga simu, mimi namdanganya kwamba rangi haijakauka. Nikimuuliza mume wangu, naambiwa bado anatafuta makombora sahihi. Sahihi, sahihi. Nililichukia neno hilo. Kila tukienda kumwona mama tunamkuta amepungua, na huyu bwana anachagua plastiki.

Siku moja akiwa ametoka, nilichukua makombora yaliyokuja na boksi, meupe, yenye ncha nyeusi, nikayabandika mwenyewe kama picha inavyoonyesha. Nilijisifu. Hata niliyavuta kidogo, kama afanyavyo yeye.

Aliporudi hakupaza sauti. Alivaa miwani, akachukua wembe, akaanza kuyabandua.

"Wewe bwana utaniua," nikamwambia. "Mama anataka kumwona mwanawe na silaha zake, basi. Kuna ubaya gani?"

"Hakubeba haya."

"Alibeba yapi? Weka hayo aliyobeba tumalize."

Akavuta droo, akatoa makombora mengine, kumbe alishayatengeneza kitambo. Yalikuwa meupe vilevile, ila kila moja lilikuwa na pete ya bluu katikati. Yalipendeza kuliko yale ya boksi, na nikamwambia hivyo.

"Bluu ni ya mazoezi," akasema. "Ndani hamna baruti, hamna injini. Ni uzito tu wa kumzoesha rubani."

Nilivuta kiti nikakaa.

Alinieleza huku anakwangua gundi yangu. Makombora ya kweli yalikuwa yamepitwa na muda wake, mapya yalikuwa bado njiani, na mkuu wao alitaka ndege zionekane angani. Alipoambiwa ghala halina kitu, akasema fungeni hayo ya bluu, huko juu nani atasoma rangi. Wakafunga. Ya mdogo wangu aliyafunga mume wangu kwa mikono yake.

"Alijua?" nikauliza.

"Rubani hukagua ndege yake kabla ya kupanda. Aliinama chini ya bawa, akaziona pete. Akaniambia, 'Shemeji, dada asijue.' Akapanda."

Nilimchukia mume wangu mchana ule, nasema wazi. Nilimchukia kwa kuyafunga, na kwa kula kwenye meza yangu miaka yote hiyo akiwa na maneno ya mdogo wangu kooni. Nikamuuliza kwa nini hakukataa. Akasema angetupwa jela, na angeyafunga mtu mwingine, tena vibaya. Nilicheka, kicheko kibaya, hata mimi sikukipenda.

"Sasa niweke yapi?" akauliza.

Niliwakumbuka wale maofisa na maneno yao ya silaha kamili, chai yetu wakiinywa hadi tone la mwisho.

"Weka ya bluu. Wameshamdanganya mama vya kutosha. Nitamwambia mwenyewe."

Tulimpelekea Jumapili. Alikuwa ameegemezwa mito kitandani, tukamwekea ndege mapajani. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Mama aliigeuza polepole, akatazama chini ya mabawa, akatabasamu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimemwona akitabasamu.

"Na hizi pete?" akauliza. "Mbona kwenye picha za gazeti sijawahi kuziona?"

Mume wangu aligeukia dirishani. Mimi nikafungua mdomo.

"Ni za marubani hodari, mama," nikasema. "Hawapewi wote."

Papo hapo nikajiona nimekuwa mmoja wa wale maofisa, tena bila hata sare. Lakini neno lilishatoka, na mama alishalipokea.

"Nilijua walimpa yaliyo bora," akasema. Akaunyosha mkono wake mwembamba, akamshika mkwewe. "Na ni wewe uliyemfungia. Kila nikisali, baba, nakutaja kwa hilo."

Mume wangu aliuacha mkono wake hapo hapo, hakuutoa mpaka mama aliposinzia.