Sudi na Ulimbo

Utomvu wa fenesi ukichemka na mafuta ya nazi hutoa harufu tamu inayokwama kooni, na hadi leo nikiikumbuka, vidole vyangu huhisi kunata. Huo ndio ulimbo wetu wa kunasia ndege. Mwanakombo, binti wa ami yangu, aliuleta ndani ya kifuu kutoka Ole, maana kwetu Micheweni ni mawe matupu, mifenesi haioti. Ilikuwa vuli, wakati keremkerem, ndege wala nyuki, wanapopita makundi kwa makundi juu ya mihogo, wanalia krrii krrii. Tulikuwa wanne: Mwanakombo mkubwa wetu, Time, Raya wa Bi Mkasi, na mimi mdogo, ambaye hawakuwa wakinichukua popote. Mwaka ule nilikuwa na kitu wasichokuwa nacho: keremkerem aliyevunjika bawa, niliyemwokota nikamlisha panzi siku nane. Nilimwita Sudi. Alikuwa keshakijua kidole changu.

"Sudi bin nani?" Raya alicheka.

Mwanakombo hakucheka. "Mlete awaite wenzake. Humleti, rudi kwa bibi ukachambue mchele."

Nikamleta. Nikamfunga mguu kwa uzi, mimi mwenyewe, katikati ya vijiti vya ulimbo. Kundi likapita juu. Sudi kimya, ananitazama. "Mfinye," Mwanakombo akaninong'oneza. "Pale palipovunjika." Nikamfinya. Alilia kilio ambacho sijapata kukisikia tena, na kule juu wakageuka wote, wakashuka. Tulinasa kumi na mmoja. Time akanipiga mgongoni: "Fundi huyu!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mwanakombo akawachinja, bismillahi, bismillahi. Desturi yetu, ndege aliyewaita wenzake huliwa na aliyemleta, hagawiwi. Alipomfikia Sudi akasita. "Na huyu?" Ningesema hapana, angeniachia. Lakini Raya alishaanza kutabasamu. Nikasema, "Na huyo." Nilimla hadi mifupa, wao wakinitazama.

Mwanakombo kafa, Time kafa, Raya yuko Tumbe, haoni. Siku hizi hakuna achemshaye utomvu. Mjukuu wangu Rahma huja kila vuli na darubini, akanyata asiwashtue, akaandika wangapi. Juzi walikuwa saba tu, juu ya waya wa umeme.

"Bibi, zamani walikuwa wengi?"

"Wengi, mwanangu."

"Mkiwafanya nini?"

"Tukiwatazama."

Mmoja akalia. Ndani ya kanga, gumba langu na kidole vikakutana, vikafinya.