Bega la Kushoto

Jumapili mbili zile, mwanangu, nikizifikiria hata leo mikono inanisisimka. Nakuita mwanangu na mvi sina hata moja, usinicheke. Guangzhou humzeesha mtu upesi, na mimi niliyeishia darasa la saba nina somo moja tu la kukuachia. Keti.

Papa Kalume, mtu wa Uvira, ana ofisi ya kusafirisha mizigo pale jengo la Tianxiu. Mjukuu wake anasoma chuo Amerika na anacheza mpira wao, ule wa kofia ngumu. Ni mmoja wa wale watano wanaosimama mbele kama ukuta, kazi yao kumkinga mrushaji asiangushwe. Mechi yao ya Jumamosi jioni hutufikia sisi Jumapili asubuhi. Basi kila wiki tulikusanyika kwa Papa kabla ya ibada: mimi, Obedi wa Mbeya, na wengine wawili watatu. Hakuna aliyewahi kuugusa mpira huo. Lakini kubishana! Ungedhani sisi ndio tunaoajiri makocha.

Ili tubishane vizuri, nilileta sanamu tano za kuvalishia nguo kutoka kwa fundi wangu wa mtaa wa Kangle. Hazina macho wala mdomo. Tukazipanga bega kwa bega, zikawa ukuta wetu. Obedi alipenda kusimama nyuma ya ile ya mwisho kushoto, mkono wake begani mwa sanamu, na kutufundisha.

"Kocha wao yuko sawa, Da Esta," alisema Jumapili ile ya kwanza. "Mlinzi haparamii mtu. Anarudi hatua moja, miguu kwanza, mikono baadaye. Na asilipoteze bega la jirani yake."

"Kocha wako mwoga! Anawarudisha nyuma kama lori linaloegesha. Wampige mtu kabla hajawapiga!"

"Ukimparamia, dada, anakupita pembeni."

"Kweli, kupitwa wakujua wewe! Wote uliokuja nao wana maduka nyumbani, wewe bado unawabebea mabegi. Nenda Mbeya ukafundishe kuku kukinga vifaranga."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Obedi akauondoa mkono begani mwa sanamu, polepole, akachukua koti lake, akasema anasikia baridi. Ilikuwa Septemba, mwanangu, na sisi wengine tulikuwa tunatiririka jasho tumekaa. Ulimi hauna mfupa, ila huvunja mfupa.

Jumatano nilipeleka mzigo ofisini. Sanamu nne zilitazama mbele. Ya kushoto ilikuwa imegeuka, inatazama nyuma. Nikadhani ni mfagiaji, nikairudisha. Bega lake lilikuwa na unyevu kama mtu aliyetoka jasho. Nikajifuta kiganja kwenye sketi, nikaenda zangu.

Jumamosi nilifunga ofisi mimi, na ufunguo nikaondoka nao, kwa kuwa ndimi mpika chai. Jumapili nilifungua mimi. Ile ya kushoto ilikuwa imegeuka tena. Safari hii mkono wake wa plastiki ulikuwa umechomoka, umelazwa kwenye kiti cha Obedi, kiganja juu, kama mtu anayeomba avutwe.

Wenzangu walipofika wakatania, "Obedi kanuna, katuma mkono uje kutazama mpira!" Nikacheka nao, nikamimina chai.

Mechi ikaanza. Mara mlinzi wa kushoto akapitwa, mrushaji akaangushwa, tukapiga kelele kocha afukuzwe. Papa Kalume akanyoosha kidole akaizima kompyuta. Mjukuu wake yumo uwanjani, naye akaizima.

"Écoute, ma fille, sikiliza binti. Huyu mlango iko na funguo ngapi?"

"Mmoja, Papa. Ninao mimi."

"Na Obedi, ulisikia sauti yake lini?"

Nikaitoa simu. Ijumaa Obedi alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti, nami sikuufungua. Nilijua ni matusi, na matusi ningeyajibu baada ya mechi.

"Wiki mzima munatafuta nani aliacha pengo mu ukuta ya Amerika," Papa akasema. "Ya kwenu hamuioni."

Nikaufungua ujumbe mbele ya wote. Kwanza pumzi. Kisha meno yakigongana. Kisha sauti yake, ndogo, kama inatoka chini ya ngazi: "Da Esta... mbona mmenipa mgongo wote?"

Tulifika Sanyuanli, alikopanga Obedi, tunakimbia. Mama mwenye nyumba alipunga mkono, "Mei you, mei you," hakuna mtu. Nikapiga simu ya Obedi. Ikalia ndani, nyuma ya mlango. Mama yule akageuka rangi, akafungua.

Alikuwa sakafuni, koti mwilini, macho wazi lakini haoni. Malaria, aliyotoka nayo nyumbani mwezi huo. Daktari alisema tungengoja hadi Jumatatu, tungekuja kuchukua mwili.

Aliponyanyuka kitandani, nilimwomba msamaha nikilia. Yeye akawa anauangalia mkono wangu.

"Homa ilinipeleka pale ofisini, dada. Nawaita, hamgeuki. Nikamshika mmoja wenu bega, baridi kama bomba. Nikamvuta ageuke. Mkono wake ukabaki mkononi mwangu."

Habari za sanamu hakuna aliyekuwa amemsimulia.

Sina maelezo, mwanangu. Waliosoma niliowauliza walibadili mazungumzo. Obedi sasa amerudi kwenye kiti chake, tunabishana kama zamani, na bado nasema kocha yule ni mwoga. Sanamu ya kushoto tumeiacha inatazama nyuma. Hakuna anayethubutu kuigeuza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nakuambia: bisha utakavyo, mpira ni utamu, ila usimchome mwenzako pale anapovuja. Akisema anasikia baridi wakati wewe unatoka jasho, mguse. Akikaa kimya, usiseme amenuna, nenda kagonge. Na ujumbe wa mtu uliyemuumiza ndio uufungue kwanza.

Haya, nenda. Mungu akujalie jirani wa kushoto na wa kulia. Na siku utakayonyoosha mkono gizani, bega utakalolishika liwe la moto.